Wali na viazi vilivyonyoosha Kiingereza cha jirani yangu Mpakistani hapa Brussels

Wakuu, wanaostahili shikamoo nawapa, na rika langu mambo vipi.

Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu kwa muda mrefu. Leo nimeona niandike, maana kuna jambo limetokea kwenye jengo ninaloishi, na kila nikilikumbuka natabasamu peke yangu kwenye tramu mpaka watu wananitazama mara mbili.

Nitakayosimulia yote niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyatia mkono mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wahusika ni majirani zangu na bado nahitaji kuazima chumvi kwao.

Uzi una urefu kidogo. Mwenye chai aisogeze karibu.

Mimi ni dada wa Musoma, niiteni Neema. Kabla ya kuja Ubelgiji kusoma, nilifundisha Kiingereza sekondari moja huko Shinyanga kwa miaka sita. Sasa hivi nafanya kazi mapokezi kwenye hosteli ya wageni, na naishi Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, kwenye zile nyumba za zamani zilizokatwakatwa zikawa makazi ya familia sita.

Chini yangu, ghorofa ya pili, anaishi baji Shazia na mumewe, bhai Tariq. Ni Wapakistani, kwao ni Faisalabad. Baji kwa Kiurdu ni dada mkubwa, bhai ni kaka, na nilianza kumwita hivyo kwa sababu amenipita kama miaka kumi. Bhai Tariq ana duka la vyakula karibu na Porte de Namur.

Miezi minne ya kwanza sikuwahi kusikia sauti ya baji Shazia.

Tukikutana kwenye ngazi anatabasamu. Nikimuuliza habari za asubuhi, anajibu mume. Nikimsifia shali yake, anajibu mume. Sahani ya pilau analeta yeye, lakini maelezo ya pilau anatoa mume, na mwenyewe hata kupika hajui.

Nikajua basi, huyu mama Kiingereza hana.

Kumbe.

Siku moja sinki langu lilivuja, maji yakashuka mpaka jikoni kwao. Sikuwepo nyumbani. Niliporudi nikakuta karatasi imepitishwa chini ya mlango. Wakuu, Kiingereza kilichokuwa kwenye ile karatasi kilinitia aibu. Sentensi zimenyooka, mkato uko mahali pake, na mwishoni ameniambia kwa upole ni bomba lipi huenda limelegea na kwa nini.

Nikashuka na ile karatasi mkononi kuuliza nani ameandika. Bhai Tariq akamnyooshea kidole mkewe. Baji akainamisha uso kama mwanafunzi aliyekamatwa na majibu.

Ndipo nikapata habari kamili. Yule mama alikuwa mwalimu wa kemia, shule ya wasichana, miaka kumi na moja. Vitabu vyote vya kemia alivyosoma na kufundishia vilikuwa vya Kiingereza. Lakini somo lenyewe alilielezea kwa Kiurdu, kwa hiyo mdomo wake haukupata mazoezi ambayo macho na mkono vilipata.

Alipofika Brussels alijaribu kuongea. Watu wakawa wanasema "sorry?" Anarudia. "Sorry?" Anarudia tena. Mara ya tatu mtu anamgeukia bhai Tariq amsaidie. Ilipotokea hivyo mara nyingi, akaupa mdomo wake likizo isiyo na mwisho.

Sasa ghorofa ya chini kabisa anaishi Maman Odette, Mkongo wa Lubumbashi, mama mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Na yeye alikuwa kwenye orodha ya wanaopelekewa sahani. Siku moja amemaliza kula, anafuta vidole, akasema kwa Kiswahili chao:

"Neema, huyu mwanamuke asikae tu mu nyumba. Batu ba hapa banatafuta kujua kupika vile. Bon, salle ya kanisa yetu iko na jiko mukubwa, samedi hakuna mutu. Afundishe pale."

Nilipomtafsiria baji habari ya ukumbi wa kanisa na Jumamosi, macho yake yalibadilika. Neno lililomshika halikuwa kupika. Lilikuwa kufundisha.

Akakubali siku hiyohiyo. Nikabandika tangazo hosteli na kwenye ukurasa mmoja wa wageni wanaoishi hapa. Wakajiandikisha watu wanane: Mpolandi mmoja mrefu kama mlingoti, mama mmoja Mreno, vijana wa ofisini, kila mtu na nchi yake. Lugha ya kuwaunganisha ilikuwa Kiingereza.

Jumamosi ya kwanza ikafika.

Ukumbini kulikuwa na feni ya jikoni yenye kelele kama mashine ya kusaga. Baji ameandaa kuku watatu, wamekatwa vizuri, wako kwenye bakuli kubwa. Yule mama Mreno, kwa ustaarabu wake, alikuja na chupa ya mvinyo mweupe kama zawadi, akaiweka mezani karibu na bakuli. Mimi, Maman Odette na bhai Tariq tumekaa mlangoni.

Baji alianza kwa sauti ndogo sana, akiwa ameangalia jiko. Alitaka watie vijiko viwili vya siki nyeupe. Akasema, nanukuu jinsi masikio yangu yalivyopokea: "Now, two ispoon white winegar."

Ile "gar" ya mwisho ikamezwa na feni.

Mama Mreno akasikia "white wine". Akafurahi, kwamba zawadi yake imepata kazi mapema namna ile. Akafungua chupa akamimina, tena kwa mkono wa ukarimu.

Baji alipogeuka, kuku wote watatu walikuwa wanaogelea kwenye mvinyo.

Wakuu, kwa Mwislamu kama yeye kile chakula kilikuwa kimeisha habari yake. Hawezi kuonja, hawezi kula, hawezi hata kujua chumvi imekolea au la. Alisimama ameweka mkono mdomoni. Bhai Tariq akaruka kutoka kwenye kiti, akaeleza, akaomba radhi, akaendesha somo lililobaki yeye. Kama nilivyosema, kupika hajui. Wageni wakala, wakacheka, wakasifia, wala hawakuwa watu wabaya. Mama Mreno aliomba msamaha hadi machozi yakamlenga.

Lakini baji hakusema neno lingine siku ile.

Kesho yake nikashuka kwao. Bhai Tariq alikuwa ameshapata suluhisho: awamu inayofuata mkewe apike, yeye asimame pembeni aongee. Kwa nia njema kabisa. Anampenda mke wake, hilo halina ubishi.

Baji Shazia akaniangalia mimi, si mumewe, akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno analisukuma kama mtu anayepandisha kabati ngazini. Kwa Kiswahili ni hivi:

"Nilikuwa nasimama mbele ya wasichana arobaini. Sitaki kuwa mikono tu."

Bhai Tariq akaweka kikombe chini.

Hapo nikamsimulia jambo langu ambalo hata nyinyi nawaambia kwa mara ya kwanza. Sisi watu wa Mara tunajulikana, l na r kwetu ni ndugu mapacha. Nilipokuwa kidato cha pili walikuja wageni shuleni, na mimi kiranja nikapewa kazi ya kuwakaribisha kwa Kiingereza. Nikasimama mbele ya shule nzima nikataka kusema tuwapigie wageni makofi, "let us clap for our visitors". Kwenye "clap" nikaweka r.

Wanaojua Kiingereza wameshaelewa. Kwa wasiojua: niliwaalika wanafunzi mia nne wakajisaidie haja kubwa kwa heshima ya wageni.

Baji alicheka mpaka akajifunika shali usoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake, na ni kicheko kinene, cha tumboni. Nikamwambia kama mimi niliweza kusimama tena na mwishowe nikawa mwalimu wa lugha hiyohiyo, yeye ni nani ashindwe? Tukapatana wiki sita za mazoezi.

Sasa hapa nikafanya kosa la kiualimu. Nikamletea video za wazungu wa Uingereza, na michoro ya ulimi ukiwa mdomoni. Akasoma vizuri sana, akaniandikia hadi muhtasari. Lakini akifungua mdomo, ni yaleyale, isipokuwa sasa anaongea kama anayesoma tangazo la treni. Wiki nzima ikapotea.

Ufumbuzi ulipatikana jikoni kwangu, jioni moja nikiwa napika wali na viazi. Baji akauliza vyakula hivyo vinaitwaje kwa Kiswahili. Nikamwambia. Akarudia, na yote mawili yakaanza na sauti moja, ile ya katikati ambayo si v wala si w. Kiurdu kina herufi moja tu inayofanya kazi zote mbili, kwa hiyo sikio lake halikuwahi kudaiwa kuzitofautisha.

Nikamwambia, wali umetoka motoni, upulize. Kunja midomo kama unapoza chai. Wali.

Viazi, ng'ata kidogo mdomo wa chini kwa meno ya juu, usiachie haraka. Viazi.

Wali. Viazi. Wali. Viazi.

Mara ya kama ishirini, zikaachana. Mwenyewe alizisikia zikiachana. Akanishika mkono kwa nguvu, akarudia haraka haraka asije akazipoteza.

Kuanzia siku hiyo ngazi za jengo letu hazikupumzika. Anapanda na mfuko wa nguo, wali, viazi. Anamwaga taka, wali, viazi. Maman Odette akaniuliza kama huyu mama ana njaa, kwa nini hapewi chakula. Baada ya hapo tukahamia kwenye Kiingereza: "wine" pulizia, "vinegar" ng'ata. "Water" pulizia, "very" ng'ata.

Kijiko nacho kilikuwa na kesi yake. Waongeaji wengi wa Kiurdu neno likianza na s iliyofuatwa na konsonanti nyingine, wanaweka "i" mbele: "ispoon", "ischool", "istop". Sisi Waswahili tunafanya kinyume chake, tunabandika irabu nyuma, ndiyo maana "book" ikawa buku na "bus" ikawa basi. Nilipomweleza hilo akafarijika sana kujua kwamba kila taifa lina mzigo wake.

Dawa ilikuwa kuihamisha s iungane na neno lililotangulia. Badala ya kusema "a spoon" kama maneno mawili, aseme "as", kisha "poon". "As-poon." Siku tatu tu, "i" ikaondoka.

Na nisisahau mambo ya maneno. Tuligundua tunashirikiana mengi ajabu. Kitabu, dunia, duka, gari, rangi, chai, habari, yote anayo kwa namna yake. Kila tulipopata jingine aliliandika kwenye friji kwa kalamu ya rangi. Bhai Tariq anasema sasa akifungua friji anapata somo kabla ya maziwa.

Halafu mambo yakageuka. Siku moja nimetaja mji wa Lahore, nikausema "Rahore". Baji akanyanyua kichwa kama mwewe.

Akanikalisha. Akachukua kalamu nyekundu, naapa, kalamu nyekundu, akaniandikia maneno ishirini ya l na r, nikisoma anaweka vema au kosa. Nilipata kumi na mbili. Akaniambia nirudie kesho na nisilete visingizio.

Pale ndipo nilipomwona baji Shazia halisi. Mgongo umenyooka, sauti imeshuka chini na kutulia, macho yanakagua. Kumbe yule mama mwenye aibu kwenye ngazi alikuwa ni mtu wa muda tu. Na jambo la kushangaza, alipokuwa ananifokea l zangu, Kiingereza chake kilitoka bila kukwama. Alisahau kujiogopa.

Nikamrekodi kwa simu bila kumficha, nikamsikilizisha pamoja na rekodi ya wiki ya kwanza. Alisikiliza zote mbili, akaomba zirudiwe. Akafuta macho kwa ncha ya shali, akasema huyu wa pili angemruhusu aingie darasani kwake.

Awamu ya pili ikafika. Waliorudi ni saba kati ya wale wanane, na Mreno alikuja na maua badala ya chupa. Bhai Tariq aliombwa kwa heshima abaki dukani. Feni tuliizima tukafungua madirisha. Baji alisimama akiwatazama watu, si jiko.

Siki ilipita salama. Aling'ata ile v hadi mimi nikahisi meno yakiniuma.

Lakini kwenye wali akakwama. Alitaka wapime maji, akasema "measure", ile sauti ya katikati ikateleza ikawa "meyar". Mpolandi mrefu akainama kidogo akasema neno lilelile.

"Sorry?"

Akarudia. Yule bwana bado hajaelewa. Baji akaniangalia mlangoni, nami nilitamani nimsaidie, neno limefika kwenye meno. Nikajikaza, nikatazama viatu vyangu.

Akavuta pumzi. Akachukua jagi la maji, akalinyanyua wote walione, akaweka kidole kwenye mstari. "How much water. We must know how much." Mpolandi akasema aah, akaandika. Wote wakaandika. Somo likaendelea kana kwamba hakuna kitu kilichotokea, na ukweli ni kwamba hakuna kilichotokea.

Kisha yuleyule Mpolandi akauliza kwa nini mchele lazima uoshwe na kulowekwa.

Pembeni kulikuwa na ubao wa watoto wa Sunday school, una michoro ya samaki nusu nzima. Baji akauendea, akachukua chaki, akaacha samaki wa watu mahali pao, na kwenye nafasi iliyobaki akachora punje ya mchele kubwa kama muhogo. Akaeleza wanga unaokaa juu ya punje, kwamba maji ya kuoshea yanauondoa ndiyo maana wali haugandani. Akaeleza jinsi punje iliyolowekwa inavyokunywa maji mapema, ikaiva sawasawa bila kuvunjika. Alieleza kama dakika kumi. Akawauliza maswali. Mmoja akakosea, akamwambia afikirie tena. Mtu mzima wa ofisini, akafikiria tena.

Maman Odette akaniinamia sikioni. "Mi Anglais sisikie hata kidogo, mais huyu leo ni mwalimu. Ona, banaandika bote."

Katikati ya hapo bhai Tariq akaingia na kifungu cha giligilani kilichosahaulika dukani. Akasimama mlangoni. Ukiacha ile Jumamosi ya mvinyo, hakuwahi kumwona mke wake darasani. Walipooana yeye alikuwa tayari anafanya kazi nje ya nchi. Alikaa pale na giligilani yake kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Kijana mmoja aliyekuwa karibu naye akamuuliza, sufuria ikishafunikwa inakaa dakika ngapi kabla ya kufunguliwa? Bhai Tariq akafungua mdomo kujibu, kwa mazoea ya miaka yote.

Akaufunga.

Akanyoosha kile kifungu cha giligilani kuelekea ubaoni.

"Muulize mwalimu," akasema.

Na yule kijana akanyanyua mkono.

Sasa hivi baji anafundisha kila baada ya Jumamosi moja, na kundi la pili ni la akina mama wanne wanaoongea Kiurdu ambao hawaji kupika. Wanakuja kuongea. Kemia ya mdomo, ndivyo anavyoliita somo lake. Wali na viazi bado vipo kwenye mtaala, na wale akina mama hawajui kabisa ni Kiswahili, wanadhani ni mazoezi rasmi kutoka chuo fulani.

Mimi nilichojifunza ni hiki. Lafudhi yake haijaondoka, na hatukuwa na haja ya kuiondoa. Ilitosha kunyoosha sauti tatu nne zilizokuwa zinabadilisha maana, kupunguza mwendo, na kujua njia ya pili ya kusema jambo la kwanza likigoma.

Na kwa sisi tunaopenda kuwamalizia watu sentensi zao kwa huruma: tutazame viatu vyetu kidogo. Mtu atafika.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe ni sauti gani iliyowahi kukuaibisha mbele za watu, na uliinyoosha kwa njia gani? Watu wa Mara, mwenzenu nawasubiri kwa hamu, msijifiche. Na kama kuna mwalimu humu mwenye mbinu ya ile sauti ya "measure", aiweke hapa, kuna mtu ghorofa ya pili ananiulizia kila siku.